Nani amlipe anayezibua mfereji?

Mvua kubwa inaponyesha Kampala, maji ya vilima vya Nakasero, Kololo na Kibuli hutafuta bonde, na bonde lenyewe ndilo makazi yetu. Mfereji wa Nakivubo huyakusanya maji ya katikati ya jiji, pamoja na kila kilichotupwa humo kuanzia soko la Owino hadi eneo la viwanda, ukayapitisha kando ya mtaa wa Namuwongo kabla hayajafika kwenye mafunjo na hatimaye kwenye ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria. Lakini mfereji huo mkubwa si wa kwanza kutuumiza. Mifereji midogo ya mtaani, ile inayopita mbele ya milango ya watu na ambayo mtoto anaweza kuiruka, ndiyo inayoamua kama maji yatapita au yataingia ndani. Ikiziba kwa makaveera, yaani mifuko ya plastiki, na maganda ya matoke, watu hukesha wameketi juu ya meza na magodoro yamepandishwa darini. Ikizibuliwa mapema, maji hupita. Anayeizibua ni jirani, kwa jembe lake na mikono yake, na hakuna anayemlipa.

Mimi ni mtunza hesabu wa kikundi cha akina mama na vijana wanaoshughulika na taka huku bondeni. Kwa sababu hiyo nimealikwa katika semina nyingi za kazi za kijani, yaani kazi za kutunza mazingira, ambazo kwa miaka ya karibuni zimekuwa na soko zuri hapa Uganda. Ukihudhuria mbili utakuwa umezihudhuria zote. Utafundishwa kutengeneza makaa ya maganda, kufuga funza, kupanda sukumawiki na nakati ndani ya gunia, na kusuka mikoba kwa plastiki. Jioni utapewa cheti, fulana na nauli ya kurudi nyumbani. Sina ugomvi na mafunzo hayo, na baadhi yake tunayatumia mpaka leo. Ninachokipinga ni dhana iliyofichika nyuma yake, kwamba mtaa maskini utayarejesha mazingira yake kwa kuuza kitu. Kazi iliyo muhimu kuliko zote katika mtaa kama wetu haina bidhaa ya kuuzwa, na mpaka mtu akubali kuilipia hivyo hivyo ilivyo, tutaendelea kukusanya vyeti.

Nianze na zile zinazouzika, kwa kuwa ndizo zinazopendwa kupigwa picha.

Jiji hili linakula matoke, na kwa hiyo taka zake nyingi ni maganda. Zaidi ya nusu ya taka za Kampala, kwa makadirio yote niliyopata kuyaona, ni vitu vinavyooza: maganda, mabaki ya soko, majani ya migomba yaliyofungiwa chakula. Maganda hayo yakikauka yanaweza kuchomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo yakawa makaa, yakasagwa, yakachanganywa na uji wa muhogo au udongo wa kichuguu, kisha yakakandamizwa kuwa matonge ya kupikia. Udongo ni rahisi kupatikana lakini huacha majivu mengi jikoni. Muhogo huwaka vizuri zaidi lakini ni chakula, na kuna siku mtengenezaji hulazimika kuchagua kati ya makaa na chakula cha jioni. Soko lipo, hasa tangu Mei 2023, rais alipotoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kutoka kaskazini mwa nchi, na bei ya gunia mjini ikawa gumzo la kila jiko. Kinachotushinda ni jua. Matonge yanahitaji siku kadhaa za kukauka, na sisi tuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, katika mtaa ambao hauna hata kiwanja cha watoto kuchezea mpira. Akina mama wetu hukaushia juu ya mabati ya vyumba wanavyopanga, kwa ruhusa ya mwenye nyumba ambayo inaweza kuondolewa siku yoyote. Semina iliyotufundisha kutengeneza makaa ilifanyika katika bustani ya hoteli yenye nyasi pana, na wakufunzi waliyaanika matonge yao pale pale juu ya nyasi bila kusema lolote kuhusu nafasi.

Funza ni hadithi bora zaidi, na naomba msomaji anayekula asitishe kidogo. Nzi askari mweusi hafanani na nzi wa chooni, kwa sababu akishakomaa hana haja ya kula, haumi, na haingii jikoni kwa mtu. Hutaga mayai katika nyufa za mbao zilizowekwa karibu na taka zinazooza. Mayai huanguliwa baada ya siku kama nne, na funza wanaotoka hula usiku na mchana kwa wiki mbili hivi mpaka wanene na kufikia urefu wa karibu sentimita mbili. Huvunwa kabla hawajageuka weusi, wakakaushwa na kuuzwa kwa wafugaji wa kuku, ambao huwatumia badala ya mukene, yaani dagaa wa ziwani. Mabaki wanayoyaacha ni mbolea. Yote haya ni kweli, ila maganda ya matoke peke yake ni magumu, yana nyuzi nyingi na lishe kidogo, kwa hiyo funza hukua polepole usipoyachanganya na mapapai yaliyooza, mabaki ya hotelini au machicha ya pombe. Hajati wetu, ambaye ndiye bingwa wa mabeseni, hana kipimajoto. Huingiza mkono ndani ya beseni mpaka kwenye kiwiko. Akikuta joto anajua wanakula. Akikuta baridi anajua chakula kimekwisha au maji yamezidi, na hapo huongeza pumba na kugeuza kwa vidole. Nimemwona akifanya hivyo huku akijibu salamu za wapita njia, bila kutazama chini.

Beseni moja la Hajati linapunguza uzito wa taka zilizomo kwa kiasi kikubwa ndani ya wiki hizo mbili. Hiyo ni huduma kwa mtaa mzima, kwa maana maganda hayo yangekuwa mferejini. Mfugaji wa kuku anayenunua, hata hivyo, hailipii huduma hiyo. Analipa uzito wa funza waliokauka, na akipata mukene kwa bei nafuu kutoka Ggaba, kando ya ziwa, hanunui kabisa. Wiki ambayo mukene ni wa bei rahisi, mtaa wetu huwa mchafu zaidi. Naandika jambo hili kama mtu anayeliona katika daftari la hesabu.

Chupa za plastiki ndivyo zilivyo pia. Bei ya kilo huamuliwa mbali sana na hapa: mafuta ghafi yakishuka bei duniani, kama yalivyoporomoka mwaka 2020, plastiki mpya huwa rahisi na ile iliyotumika hukosa mnunuzi, na kijana aliyekuwa akiokota chupa kutoka kwenye mfereji huziacha zielee. Chupa, tena, ndiyo taka yenye bahati, kwa sababu angalau ina bei siku kadhaa. Kaveera jembamba halina bei siku yoyote. Sheria imelikataza lile la chini ya maikroni 30 tangu mwaka 2009, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 ikarudia katazo hilo, lakini ukinunua nyanya sokoni jioni hii utafungiwa ndani yake. Kwa hiyo mtaa unaotegemea thamani ya taka ili usafishwe utasafishwa chupa na kuachwa na makaveera, na yaliyoziba mfereji ni makaveera.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Kuzibua mfereji hakuna mnunuzi, kwa sababu anayefaidika si mtu mmoja anayeweza kufuatwa mlangoni na kudaiwa. Faida inasambaa: kwa mpangaji wa chini ambaye hakufurika, kwa mwenye duka ambaye unga wake haukulowa, kwa kiwanda kilicho upande wa pili wa reli, kwa zahanati ambayo haikupokea wagonjwa wa kuhara. Huduma ya namna hiyo hulipiwa kwa fedha ya umma, kama tunavyolipia taa za barabarani na askari, na sijaona mtu akimwambia askari atengeneze kwanza bidhaa atakayoiuza ili ajilipe mshahara.

Vyoo ndiyo mfano mgumu kuliko yote. Wenzetu wa Bwaise, bonde jingine lenye maji juu chini, wanaishi mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu sana na uso kiasi kwamba vyoo hujengwa kwa kuinuliwa, unapanda ngazi kama unakwenda jukwaani. Magari ya kunyonya hayawezi kupita katika vichochoro. Vijana waliofunzwa kutumia pampu ya mkono, ile ya bomba refu na mpini wa kuvuta juu na chini, huanza kwa kuvua kwanza, kwa ndoano ndefu, matambara, chupa, pedi na kila kilichotumbukizwa humo, maana kimoja kikinasa ndani ya bomba kazi imesimama. Kisha huvuta tope na kulijaza mapipani, wakayasukuma mapipa hadi barabarani na kuyapakia katika gari la kwenda kwenye mitambo ya Lubigi. Mitambo hiyo ilifunguliwa mwaka 2014 na iliundwa kupokea mita za ujazo 400 za tope la vyoo kwa siku, na tope likikaushwa wakulima hulichukua kama mbolea. Ukitafuta kazi ya kijani yenye staha, ya ufundi, inayookoa maisha, ni hiyo. Hulipwa na wapangaji kwa pipa. Wapangaji wasipokuwa na fedha, na mwenye nyumba akiwa hapokei simu, husubiriwa mvua kubwa, choo kikafunguliwa kwa chini, na yaliyomo yakaenda na mafuriko kwa jirani. Kila mtu wa bondeni anajua jambo hili ingawa si la kusemwa mezani. Kipindupindu kilipoingia Kampala mwishoni mwa mwaka 1997, na homa ya matumbo ilipoenea mwaka 2015 na maelfu ya watu wakashukiwa kuugua, gharama ya pipa ambalo halikulipiwa ililipwa na jiji zima.

Jiji, kwa upande wake, linajua kulipia usafi, ila linalipia aina moja tu. Linalipia kubeba. Taka zipakiwe kwenye lori, lori lisafiri hadi dampo, ambalo mpaka Agosti 2024 lilikuwa Kiteezi, kilomita kama 12, lipimwe, limwage. Maeneo ya jiji yaligawiwa kampuni binafsi zenye idhini ya kuwatoza wateja, na mtaa ambao watu wake hawana uwezo wa kulipa kila mwezi, na ambao lori haliwezi kuingia, hauna faida kwa kampuni yoyote. Huachiwa malori ya mamlaka ya jiji, yanayokuja yanapoweza. Katika mpango huo wote hakuna senti inayomfuata mtu anayezuia taka zisifike kwenye lori. Kilo mia moja za maganda zikipanda lori, kuna dereva, wapakiaji, mafuta na matengenezo, na vyote vina fungu katika bajeti. Kilo hizo hizo zikiliwa na funza wa Hajati, fungu hakuna.

Matokeo ya kulipia kubeba peke yake tuliyaona. Dampo la Kiteezi lilianza mwaka 1996, likapokea taka za Kampala kwa karibu miaka thelathini, likajaa, likatangazwa kuwa limejaa, na bado malori yakaendelea kupanda juu yake kwa kuwa hapakuwa na pengine. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule uliporomoka juu ya nyumba za watu. Miili 35 ilipatikana. Mwezi uliofuata viongozi wa juu wa mamlaka ya jiji waliondolewa kazini. Kwa wiki nyingi magazeti yaliandika kuhusu nani alipuuza onyo lipi, na ilikuwa haki yaandike. Hayakuandika sana kuhusu waokotaji, wengi wao wanawake, ambao kwa miaka mingi walipanda mlima ule kila asubuhi kuchambua plastiki na vyuma, na kwa hiyo kupunguza uzito wake bila mshahara wala viatu. Walipoteza kazi siku ile ile waliyopoteza majirani.

Nimesikia watu wakisema kwamba fedha zipo, vijana wazichangamkie. Zipo kweli. Mpango wa Maendeleo wa Parokia, uliozinduliwa Februari 2022, ulitengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parokia, yaani eneo dogo la utawala, na kaya inaweza kukopa hadi milioni moja. Mpango huo nauheshimu, na najua watu wa vijijini uliowainua. Lakini ni mkopo, tena umebuniwa kwa ajili ya kilimo na ufugaji, na mkopo hurejeshwa kwa mauzo. Mtu akikopa milioni moja akanunua vifaranga, atauza kuku. Akikopa akanunua majembe, mabuti na toroli ili azibue mifereji ya mtaa mzima, atauza nini? Kazi ya umma haifanywi kwa mkopo wa mtu binafsi. Kijana mmoja wa kikundi chetu alinijibu kwa ukali nilipomweleza hayo, kwamba mimi napenda kupinga kila kitu chenye fedha ndani yake. Huenda nina kasoro hiyo, lakini hoja bado inasimama.

Jibu jingine, lenye heshima zaidi, hutoka kwa wazee: tufanye bulungi bwansi. Wasiokuwa wa Buganda waelewe kwamba huu ni utaratibu wa zamani wa watu kutoka pamoja kutengeneza barabara, kusafisha visima na njia, bila malipo, kwa ajili ya wote, na ufalme huuadhimisha kila tarehe 8 Oktoba. Nimeshiriki mara nyingi, na kuna furaha ndani yake ambayo fedha haiwezi kuinunua. Ila tukumbuke ulizaliwa wapi. Kijijini, aliyetengeneza kisima alikunywa maji yake yeye na wajukuu wake, kwa sababu kibanja, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa chake. Bondeni kwetu karibu kila mtu ni mpangaji wa chumba kimoja. Akitoka Jumamosi kusafisha mfereji, anapoteza siku ya kibarua, na mtaa ukishapendeza, kodi hupanda na yeye ndiye wa kwanza kuhama. Aliyefaidika ni mwenye nyumba, ambaye anaishi Ntinda au Muyenga na hakuonekana siku ya majembe. Mwenyekiti wetu wa LC, yaani baraza la mtaa, mzee ninayempenda, aliniambia, "Mwanangu, watu wa siku hizi wamekuwa wavivu." Nikamjibu, "Mzee, mtu anayeamka saa kumi usiku kwenda kupakua ndizi Nakasero si mvivu, amechoka." Hakunijibu, lakini mwezi uliofuata alisaini barua yetu ya kuomba kazi hii ilipwe, nami nikachukulia hilo kuwa jibu.

Wasiwasi huu wa kodi sikuutunga mimi. Namuwongo iliwahi kuwa na mradi mkubwa wa uboreshaji mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtaa uliboreshwa, na wengi wa maskini waliokusudiwa waliishia kuuza na kusogea chini zaidi, karibu na reli na maji. Mwaka 2014 vibanda vya kando ya reli vikabomolewa. Mwaka 2024, kwa upande wa Lubigi, waliojenga ndani ya kinamasi waliondolewa kwa mashine. Kinamasi kinastahili kulindwa, sina shaka na hilo. Ardhi oevu ilikuwa asilimia 15.6 ya eneo la Uganda mwaka 1994, na sasa iko chini ya asilimia 10. Kinamasi cha Nakivubo, ambacho mizizi ya mafunjo yake huchuja uchafu wa jiji kabla haujafika karibu na mahali pa kuchotea maji Ggaba, kilikadiriwa katika utafiti wa mwaka 1999 kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka, kwa kazi hiyo ya kuchuja. Tangu hapo kimelimwa magimbi na miwa, kimejazwa kifusi cha viwanda, na jiji limejenga mitambo mipya Bugolobi yenye uwezo wa kusafisha mita za ujazo 45,000 za majitaka kwa siku. Mitambo ina wahandisi, walinzi na mishahara. Mafunjo yalifanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa karne nyingi, na mtu wa kuyatunza hajawahi kuajiriwa. Wanaolima magimbi pale wanajua kila mkondo wa maji na kila mahali palipojazwa kifusi usiku. Wakilipwa kupanda mafunjo upya na kuyalinda, watakuwa walinzi bora kuliko yeyote atakayeletwa na gari. Wakifukuzwa bila kazi, watarudi kulima, na mimi katika nafasi yao ningerudi.

Mahali pengine wamejaribu kulipa. Mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya ilianzisha Kazi Mtaani, mpango uliowalipa vijana wa mitaa duni ujira wa siku ili wafagie, wazibue mifereji na kupanda miti, na malipo yakapitia kwenye simu. Binamu yangu aliyeko Kibera aliniambia wakati huo kwamba kwa mara ya kwanza aliona mto wao ukiwa na kingo. Malalamiko ya kucheleweshewa malipo hayakukosekana, na mpango, uliokuwa wa dharura, baadaye ulikoma. Taka hazikukoma nao. Mfano wa kudumu zaidi uko Pune nchini India, ambako tangu mwaka 2008 ushirika wa SWaCH, unaomilikiwa na waokotaji taka wenyewe, una makubaliano na manispaa ya kukusanya taka nyumba kwa nyumba. Kaya hulipa ada ndogo, na mwokotaji hubaki na haki ya kuuza anachochambua. Kinachonivutia hapo ni kwamba malipo ya huduma na mauzo ya chupa vimetenganishwa. Bei ya plastiki ikianguka, mapato hupungua, lakini kazi haikomi.

Kwetu tungeweza kuanza na kidogo. Kikundi kipewe urefu fulani wa mfereji, wenye mwanzo na mwisho unaojulikana. Mkaguzi wa afya na mwenyekiti wa LC waukague mara mbili kwa mwezi na kabla ya misimu ya mvua. Malipo yawe kwa mfereji ulio wazi, bila kujali ni tope kiasi gani lililotolewa, kwa sababu ukilipia tope watu watapenda tope. Maganda yanayoliwa na funza yapimwe, na kikundi kilipwe sehemu ya gharama ambayo lori lingetumia kuyabeba. Kipatikane kipande cha ardhi ya umma chenye paa, hata kiwe kidogo, cha kukaushia na kuwekea mabeseni. Bila hicho mafunzo yote yanabaki hotelini. Marekebisho ya mwaka 2021 ya sheria ya manunuzi ya umma yameruhusu zabuni kutengewa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo mlango wa kisheria upo. Ugumu uko katika malipo. Zabuni za umma huchelewa kulipwa, na kampuni kubwa hukopa benki ikisubiri. Kikundi cha watu wanaokula walichopata leo hakiwezi kusubiri miezi. Malipo ya kila wiki kwa simu, hata yakiwa madogo, yana maana kubwa kuliko hundi nono inayokuja baada ya miezi sita.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Tuliandika barua kwa divisheni, yaani ofisi ya jiji inayosimamia eneo letu, ile aliyoisaini mzee. Wakati wa kuiandaa palitokea mabishano marefu juu ya nini kitangulie, na vijana walitaka kitangulie kiasi cha ujira. Akina mama walikataa. Mwenzao mmoja alichomwa mkono na sindano iliyokuwa ndani ya kaveera alipokuwa akitoa uchafu mferejini. Alikwenda kupimwa na kupewa dawa za kinga kwa nauli yake mwenyewe, akakaa nyumbani akiteseka kwa kichefuchefu cha dawa hizo, na hapakuwa na wa kumuuliza fidia. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi humlinda aliyeajiriwa, na anayejitolea hana mwajiri. Kwa hiyo kipengele cha kwanza cha barua yetu kinaomba mkataba utakaomtaja mwajiri kwa jina, na cha pili kinaomba glavu nene na mabuti. Ujira umekuja katika kipengele cha tatu, na vijana bado wananung'unika.